Mtu wa choo

Makundi mengi yanayopanda Kilimanjaro kwa kulala kwenye mahema yana mpagazi mmoja ambaye kazi yake ni choo. Anakibeba, anakifunga, anakimwaga, anakisafisha, na kambi inayofuata anakifunga tena. Nimeifanya kazi hiyo kabla sijapata leseni ya kuongoza wageni, na mpaka leo, nikiingia kambini na begi dogo mgongoni, jicho langu linaanzia kwenye choo. Hapo najua kundi lipi limejipanga na lipi limekuja hivi hivi, hata kabla sijasalimiana na mtu.

Watanzania tunapanda zaidi siku hizi. Wapo wanaokuja na wenzao wa ofisini, wapo wa kwaya, wapo waliosoma pamoja, na wengi hupenda wafike kileleni tarehe 9 Desemba. Wananiuliza kuhusu viatu, makoti, vidonge vya Diamox vya kuzuia ugonjwa wa mlima, namna ya kuchaji simu. Habari ya haja kubwa wanaiulizia wakiwa wameshabanwa, kwa sauti ya chini, mahali ambapo msaada umebaki mdogo. Kwa hiyo naieleza hapa kwa kirefu na bila kuona haya.

Mimi ni mtu wa Kibosho, kwenye miteremko ya kusini ya mlima. Kwetu maji ya migomba na ya ng'ombe yalikuja kwa mfongo, mfereji ambao wazee waliuchimba kutoka mtoni huko msituni na kuukatisha ubavuni mwa mlima mpaka vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani. Mfongo una zamu zake na una mwiko wake. Bibi hakuruhusu mtoto akojoe karibu nao, na akiulizwa sababu alijibu kwa maneno matatu: "Chini kuna watu." Nilipoanza kwenda mlimani ndipo nilipouona urefu wa hiyo "chini." Mto Karanga unaukuta juu, karibu na kambi inayobeba jina lake, kwenye mita 4,000 hivi. Mto huo huo unauvuka kwa gari ukitoka Moshi kuelekea Arusha. Mito ya upande huu wa kusini hukutana Kikuletwa, na Kikuletwa unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako ndiko Pangani inakoanza safari yake kwenda bahari ya Hindi. Anayejisaidia kando ya kijito pale kambi ya Barranco yuko juu ya watu wengi sana.

Wageni wengi, na vijana wengi wa kazi pia, wanaamini kwamba kinyesi kikifunikwa udongo kimekwisha. Msituni hilo lina ukweli wake. Kuoza ni kazi ya vijidudu vya udongoni, na vijidudu hivyo vinataka joto, unyevu na mboji. Ukishaupita msitu, vitu hivyo vinapungua hatua kwa hatua, na ukifika mita 4,000 kwenda juu unakanyaga mawe, changarawe na vumbi la volkano. Usiku ardhi inaganda, mchana jua linakausha kila kitu. Kinyesi kilichoachwa pale kinakauka ganda la nje na kubaki hivyo hivyo ndani. Hata udongo wa baridi wa chini zaidi ya hapo unaweza kutunza vimelea vya magonjwa kwa mwaka mzima na zaidi. Halafu masika yanakuja, maji yanashuka, na yale yaliyofichwa nyuma ya mawe yanaanza safari.

Sehemu nyingine duniani wameshalikubali hili. Kule Denali, Alaska, wapandaji hupewa makopo maalumu yenye mfuniko wa kukaza ili wabebe kinyesi chao. Zamani walikitupa kwenye nyufa za barafu wakidhani kimepotea, mpaka watafiti walipoonyesha kwamba barafu inatembea, na kitakuja kutokea chini kikiwa bado na bakteria hai. Everest nako, mwaka 2024, serikali ya mtaa ya upande wa Nepal ilianza kuwataka wapandaji wabebe mifuko ya kinyesi na kurudi nayo kambi ya chini. Sisi tuna mlima wenye watu wengi kuliko hiyo yote miwili, wanaopita njia chache, wakilala kambi zile zile. Hatuna sababu ya kusubiri tuone.

Sasa choo chenyewe. Kile cha kubeba kina vipande viwili vya plastiki vinavyoshikana kwa klipu za pembeni. Cha juu kina kiti, mfuniko, tangi la maji safi na pampu ya mkono. Cha chini ni tangi la uchafu, kubwa lake huwa la lita 20 hivi. Katikati yao kuna kizibo bapa cha kuteleza: unakivuta kabla ya kukaa, unakirudisha ukimaliza. Mgeni asipoonyeshwa kizibo hiki siku ya kwanza, hatakirudisha vizuri, na harufu itajaa hemani. Kibaya zaidi, asubuhi ukitenganisha vipande uchafu unachuruzika mpaka kwenye viganja. Kwa hiyo somo la choo nalitoa mwenyewe jioni ya kwanza, kabla ya chakula, kila mtu akiwa amesimama mbele ya kile kihema na kukijaribu kwa mkono. Watu wazima huona aibu kidogo, kisha wanashukuru.

Kazi kubwa ni asubuhi. Wageni wakiwa kwenye hema la kulia, mtu wa choo anavaa glovu, anafungua klipu na kulibeba tangi la chini mpaka kwenye choo cha shimo cha kambi. Kwenye kona ya tangi kuna mdomo unaozunguka. Unauelekeza ndani kabisa ya tundu, unabonyeza kitufe cha kuingiza hewa, ndipo unainamisha. Ukisahau kile kitufe, tangi linagugumia na kurusha matone mpaka kifuani. Likishatoka lote unatia maji kama lita 2, unatikisa, unamwaga tena. Haya maji ya kusuuza ndiyo ninayoyagombania kila msimu. Wengi huyamwaga pembeni mwa kambi kwa kuwa yanaonekana kama maji tu, na mwenye haraka hataki kurudi shimoni mara ya pili. Yana kila kilichokuwa tangini. Yanarudi shimoni, hata kama foleni ni ndefu na kundi limeshaanza kuondoka.

Dawa ya tangi nayo inataka akili. Zipo za buluu zenye formalini, kali, zinakata harufu vizuri. Ubaya wake ni kwamba zinaua vijidudu, na ukimwaga shimoni zinaua pia vile vinavyoozesha uchafu wa shimo. Zipo nyingine zisizo na formalini, na hizo ndizo ninazozidai. Kipimo nacho si lazima kiwe kile cha kwenye chupa, maana hicho kimewekewa tangi linalokaa siku kadhaa kwenye joto. Kwenye baridi yetu, kwa tangi linalomwagwa kila asubuhi, nusu yake inatosha.

Ukifika Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, kwenye mita 4,600 na kitu, matatizo ni mengine. Pale hakuna maji. Yanabebwa kwenye madumu kutoka Karanga, na mpagazi anayeyaleta ameshayavujia jasho kila lita. Pampu ya choo ikiachwa na maji usiku inaganda na kupasuka. Kizibo nacho kinashikwa na barafu, na anayekivuta kwa nguvu saa 5 usiku, kabla ya kuondoka kwenda kileleni, anakivunja. Sisi tangi la juu tunaliacha tupu kule, tunaweka chupa ndogo ya maji ya uvuguvugu pembeni, na kingo za kizibo tunazipaka mafuta ya kupikia kidogo kabla jua halijazama. Hilo la mafuta alinifundisha mzee mmoja wa Machame aliyekuwa amebeba vyoo miaka mingi kabla yangu, na sijaona dawa bora kuliko hiyo.

Kuna asubuhi ya Ukuta wa Barranco pia. Ukuta ule una kimo cha mita 250 hivi, na kuna mahali njia inakuwa ukingo tu, unalikumbatia jiwe kifua kwa kifua ndipo upite. Mizigo mingine watu wanaipitisha kichwani. Choo hapana; kipana, kinagonga jiwe na kukusukuma nje. Kinafungwa mgongoni, juu sana, kamba mbili kifuani, na tangi liwe tupu kweli kweli. Lita 5 za uchafu zilizobaki ndani zinacheza kila unapopiga hatua, zinakuvuta upande ambao hukuutaka. Nimewahi kumzuia kijana chini ya ukuta ule na kumrudisha kambini akamwage tangi lake kwanza. Alinuna. Kundi lake lilikuwa limemwambia akafanye hivyo kambi ya mbele ili waokoe muda.

Heshima ya kazi hii nayo ni sehemu ya usafi wenyewe. Mtu anayedharauliwa kwa kazi yake ataifanya gizagiza ili aimalize, na mlimani gizagiza maana yake ni tangi kumwagwa nyuma ya mwamba wa kwanza. Nilipoanza, kwenye hema la wapagazi kulikuwa na waliosogea nilipokaa. Aliyelimaliza jambo hilo ni mpishi wetu. Jioni moja alinipa maji ya moto na sabuni, akasubiri ninawe mpaka kwenye viwiko, kisha akanichotea ugali kabla ya wengine wote. Akawaambia, "Huyu dada na mimi kazi yetu ni moja. Yeye akikosea, mimi ndiye nitakayelaumiwa kwamba chakula kimewaharibu watu matumbo." Alisema kweli tupu. Kundi likianza kuhara mtu wa kwanza kushukiwa ni mpishi, wakati mara nyingi shida imeanzia mkononi mwa mtu aliyetoka kujisaidia.

Na nikiwa hapo hapo: kunawa ni kwa maji na sabuni. Vitakasa mikono vya kileo vinafaa pale ambapo maji hayapo kabisa, lakini virusi fulani vya kuharisha havitishwi navyo sana, na mkono wenye uchafu unaoonekana hausafishwi kwa kupakwa kitu. Beseni la maji ya uvuguvugu mbele ya hema la kulia si anasa ya wageni. Liwe na pacha wake mbele ya hema la wapagazi.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo ambalo limenikaa moyoni kuliko yote, na ambalo sioni likisemwa vya kutosha. Chukua kundi la wageni 4. Wafanyakazi wake, ukihesabu waongozaji, mpishi na wapagazi, wanaweza kufika 14 au zaidi. Choo kinachobebwa ni cha wale 4. Wale 14 wanategemea vyoo vya kambi, na njiani hawana kitu. Wakati wa msimu kambi kama Barafu inakuwa na mamia ya watu usiku mmoja. Vyoo viko mbali na mahema ya wapagazi, usiku baridi iko chini ya sifuri, mtu ana taa hafifu au hana, ardhi ni majabali yanayoteleza. Kijana aliyebanwa saa 8 usiku ataenda jiwe la karibu. Asubuhi wageni wanapita, wanaona karatasi na kinyesi, wanasema wapagazi ni wachafu. Hakuna aliyejiuliza yule kijana alipewa nini cha kutumia.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema mlima utasafishwa kwa kuwaelimisha watu, namuuliza vyoo vingapi vinapanda. Elimu bila choo haimfikishi mtu mahali usiku. Robo tatu ya watu waliopo kambini ni wafanyakazi. Mpango wowote usioanza na wao umeanza na robo.

Kwetu wanawake jambo hili lina uzito wa pekee. Tuko wachache kwenye wapagazi, tunalala kwenye kambi yenye wanaume wengi, na kwenda mbali gizani kunatisha kwa sababu zinazojulikana. Nimefanya kazi na wadada waliokuwa wanaacha kunywa maji kuanzia mchana ili usiku wasitoke. Kwenye mwinuko ule kutokunywa maji ni kujitafutia ugonjwa wa mlima. Wengine huja wakiwa kwenye siku zao na kukaa na pedi moja saa nyingi mno kwa kukosa pa kubadilishia.

Kwenye kampuni ninayofanya nayo kazi sasa tulilidai jambo hili kwa pamoja, waongozaji na wapagazi, na jibu la kwanza lilikuwa gharama: mzigo mmoja zaidi ni mshahara wa mtu mmoja zaidi. Ni kweli, ni mshahara. Tukapendekeza kitu chepesi kuliko choo cha pampu. Ndoo ngumu yenye mfuniko wa kukaza, kiti cha plastiki kinachokaa juu yake, kihema kimoja, na gunia dogo la maranda. Maranda tunayachukua kwa mafundi seremala Moshi, wanatupa bure. Kila anayetoka anatupia kopo moja la maranda. Yanakausha, yanaua harufu, na asubuhi ndoo inamwagwa shimoni kwa utaratibu ule ule. Kihema kinafungwa hatua chache tu kutoka kwenye mahema ya wafanyakazi, na kuna ndoo ya kunawia mlangoni. Mgeni mmoja aliuliza kile kihema cha pili ni cha nani. Alipojibiwa, akasema alidhani kila kampuni inacho.

Usiku wa kileleni ndio mgumu kuliko yote. Kutoka Barafu mnaondoka karibu saa 6 usiku, na mpaka Stella Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,756, hakuna choo cha aina yoyote. Mwinuko unavuruga tumbo, baridi inalivuruga, na chokoleti na chai alizokunywa mtu kwa wasiwasi zinamalizia. Kwenye kila kundi kubwa kuna atakayebanwa. Ardhi pale ni changarawe iliyoganda. Huwezi kuchimba, na hata ungechimba hakuna kitakachooza. Kitakachoachwa pale kitakutwa na mwaka kesho.

Ipo mifuko iliyotengenezwa kwa kazi hii. Ndani ina unga unaogeuza majimaji kuwa jeli, na kuna mfuko wa pili wa nje, mgumu, unaofungwa kwa zipu. Mgeni anayetoka Ulaya au Marekani namwambia anunue kwao aje nayo. Kwa wenyeji tunatengeneza cha kwetu, maana mifuko ya kawaida ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata kabla ya hapo ilikuwa inapasuka tu. Chukua kopo gumu la plastiki la lita 1 au 2, lenye mdomo mpana na mfuniko wa kuzungusha. Tia majivu makavu ya jikoni, yaliyochekechwa, robo ya kopo. Kunja karatasi nene au gazeti, mtu ajisaidie juu yake, aifunge, aiingize koponi, atie majivu mengine juu, akaze mfuniko. Kopo lifungwe kwenye mfuko wa kitambaa na likae nje ya begi. Harufu haitoki. Nimebeba makopo ya wageni waliozidiwa mpaka wasiweze kubeba kitu, na hakuna aliyejua kilichokuwemo isipokuwa mwenyewe.

Pale juu nampa mtu faragha hivi: kundi linasonga mbele hatua kama 20, wanageuka kutazama juu, taa za kichwani zinazimwa, msaidizi wangu anabaki naye akiwa amempa mgongo. Asitembee peke yake kwenda pembeni kutafuta jiwe. Watu wameteleza kwenye giza lile wakitafuta faragha, na aliyechoka hajui ukingo uko wapi. Ikiwa aliyebanwa ni mwanamke, nabaki naye mimi.

Haja ndogo haina madhara makubwa, ila nayo ina utaratibu. Anayetumia Diamox na kunywa lita 3 au 4 kwa siku atakojoa sana, usiku na mchana. Njiani nenda kwenye mawe au changarawe, mbali na kijito na mbali na njia. Usiku tumia chupa yenye mdomo mpana uliyoiwekea alama ambayo hata gizani kidole kitaigundua, na asubuhi imwage chooni.

Karatasi zinanikera kuliko kinyesi, maana kinyesi kinaweza kumtoroka mtu lakini karatasi ameishika mkononi. Haiozi kule, upepo unaifukua, na kunguru wale wenye shingo nyeupe wanaichambua wakitafuta chakula. Vile vitambaa vyenye majimaji ni vibaya zaidi, kwa kuwa vingi vimechanganywa na nyuzi za plastiki. Vyote vinarudi chini, kwenye kopo au mfuko mgumu wa zipu. Pedi vivyo hivyo. Zisiingie kwenye shimo la kambi, zinajaza shimo na hazishuki. Nawaambia wadada wafunge kwenye karatasi nyeusi au gazeti, waweke kwenye kopo lao lenye majivu, na wakitaka nilibebe mimi nitalibeba. Na tafadhali usichome karatasi. Oktoba 2020 moto ulianzia eneo la Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, ukala vichaka kwa siku nyingi, na tulioutazama kutoka chini hatujausahau. Nyasi na vichaka vya ukanda ule vikikauka vinataka cheche moja tu.

Anayetembea milima ya chini, iwe msitu wa Usambara au pembezoni mwa msitu wetu huu, ndiye anayeweza kuchimba. Abebe chepe dogo la bustani. Ahesabu hatua 70 kutoka kwenye maji, kutoka kwenye njia na kutoka mahali pa kulala. Ni kama mita 60. Achimbe shimo la kina cha sentimita 15 mpaka 20, kwenye udongo mweusi wenye majani yaliyooza, si kwenye mchanga wala kwenye korongo lililokauka, maana korongo hilo ni mto unaosubiri mvua. Akimaliza arudishe udongo, akoroge kwa kijiti ili uchanganyike, afunike na majani. Karatasi arudi nayo. Wakiwa watu wengi mahali pamoja, kila mtu ashike upande wake. Na wakiwa karibu na kijiji, kama wanaokwenda maporomoko ya Materuni, wamuombe mama mwenye nyumba choo na wamlipe kitu. Hawezi kukataa, na ni heshima kuliko kuingia kwenye mgomba wake.

Tukishuka kwa njia ya Mweka makopo yote huwa yamejazwa. Kilichomo, kinyesi na majivu na karatasi za kawaida, kinaingia kwenye shimo la kambi ya Mweka; mifuko ya jeli, pedi na vile vitambaa vyenye majimaji haviingii shimoni kabisa, vinashuka na takataka nyingine mpaka getini. Makopo nayaosha nyumbani kwa maji ya klorini na kuyaanika juani siku nzima.

Ukiwa unajiandaa kupanda, kabla hujalipa, iulize kampuni maswali mawili. Wafanyakazi wangu watatumia choo gani, na choo changu kitamwagwa wapi kila asubuhi? Mwenye kampuni inayojua kazi atakutajia kambi kwa kambi bila kuwaza. Ukijibiwa kwamba mambo hayo yataonekana huko huko mlimani, kuna kampuni nyingi Moshi na Arusha, tafuta nyingine.